Kitambaa Ambacho Hakijaonja Maji

Shangazi yangu alikuwa na beseni la bati ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kunawia humo, hata mikono. Lilikaa chini ya meza ya kukatia, limeegemezwa ukutani, na lilikuwa na kazi mbili tu: kuloweka vitambaa kabla havijashonwa, na kufua mfarishi baada ya kumalizika. Kati ya maji ya kwanza na maji ya mwisho zilipita wiki nane, kumi, mara nyingine mwaka mzima wa kuunganisha viraka. Nilikua nikiliona beseni lile kama chombo kingine chochote cha nyumbani. Mwaka ule ndipo nilipoanza kulipita kwa mbali.

Mtaani walimwita Mkasi. Jina alipewa na fundi viatu aliyekaa kibarazani upande wa pili wa barabara, na alipoulizwa kama ni kwa sababu ya kazi yake au ya ulimi wake, alijibu kwamba hajawahi kuona tofauti. Shangazi alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, mwenye kutembea na subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano, kidoleni hata anapokwenda kununua vitunguu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkataji katika kiwanda cha sare. Huko vitambaa hutandazwa arobaini, kimoja juu ya kingine, na mkataji hupitisha kisu cha umeme mara moja tu. Ukiteleza upana wa kidole umeharibu suruali arobaini.

"Mshonaji akikosea anafumua," alikuwa akituambia tulipokuwa wadogo. "Mimi nikikosea naenda kumtazama msimamizi usoni."

Katika miaka yote hiyo alikwenda kumtazama msimamizi mara mbili, na mara zote mbili alizikumbuka kwa tarehe.

Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na mkasi wake wa chuma, cherehani ya kukanyaga, na tabia ya kukiangalia kitu mara tatu kabla ya kukigusa. Mumewe, mchoraji wa mabango ya maduka, alikuwa amekwisha kufariki. Mtoto hakujaliwa. Sisi, watoto wa kaka yake, ndio tuliokuwa wake, na baada yetu watoto wetu. Kila mmoja alimwekea mfuko. Gauni likibana, kaptula ikitoboka magoti, aproni ya chekechea ikichakaa, vyote viliingia mfukoni, na mtoto alipofika siku ya kuondoka nyumbani kwenda kujitegemea, mfuko ulimwagwa sakafuni na kugeuzwa mfarishi: shuka nene la viraka, juu vitambaa vya utoto wako, katikati blanketi kuukuu, chini bitana. Wangu ninaulalia mpaka leo. Pembeni mwake kuna kipande cha pazia la jikoni kwetu, lenye kuku wadogo wa manjano, na siku nikiwa na homa huwa naanza kuwahesabu.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya binti wa mwisho wa kaka yangu, tuliyezoea kumwita Kitinda. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi na alitakiwa kuondoka baada ya miezi miwili na nusu.

Lakini kabla ya mfarishi ilitangulia habari ya pasi.

Fundi viatu ndiye aliyeuona moshi ukitoka dirishani. Alivuka barabara na kiatu cha mtu mkononi, akakuta pasi imelala juu ya meza, imekwisha kula blanketi la kupigia na sasa inakula ubao. Shangazi alikuwa uani akianika nguo, akiimba. Alama ilibaki mezani, nyeusi, yenye umbo la pasi, na yeye aliifunika kwa boksi la vifungo kila mgeni alipoingia.

Kaka yangu ni mpima ardhi. Anaamini kile kinachoweza kupimwa. Alikuja, akaliinua lile boksi la vifungo, akaitazama alama, akalirudisha.

"Shangazi, nani alikuwa anapiga pasi?"

"Mimi. Kwani unamwona mwingine humu?"

"Na nani aliyesahau kuizima?"

"Huyo huyo," alisema. "Nina bahati mbaya ya kuishi naye."

Kaka hakucheka. Alikaa, akasema mbele yake kila kitu, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu wengine tungemsema pembeni. Alisema nyumbani kwake kuna chumba cha nyuma. Kina kitanda na dirisha. Nilikijua chumba hicho. Dirisha lake linatazamana na ukuta wa tangi la maji. Alisema cherehani haitaingia, wala pasi, wala mkasi. Shangazi alimsikiliza akizungusha subana kidoleni.

"Nipime," alisema mwishowe.

"Vipi?"

"Mfarishi wa Kitinda. Nimeshona kumi na miwili, hii kazi naijua nikiwa nimefumba macho. Nikiumaliza bila kosa, uniache na nyumba yangu. Nikiharibu, njoo na gari."

Kaka alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Sawa," alisema. "Tumekubaliana."

Mimi hufundisha chuo cha ualimu na sikuweza kuwa pale katikati ya wiki. Nilikwenda Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ya kwanza tuliumwaga mfuko wa Kitinda sakafuni na Shangazi akakaa katikati ya nguo, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Kuchagua kwake kulikuwa kazi ya kutazama. Hakujali maua wala mistari. Alifumba jicho moja, jingine akalifinya nusu, akavitenga vitambaa mafungu mawili. "Usiangalie rangi," aliniambia. "Angalia kiza na mwanga. Rangi inadanganya. Kiza hakidanganyi." Sare ya shule ya msingi ilikwenda kwenye kiza. Nguo za kulalia zenye nyota zilikwenda kwenye mwanga. Kanga ya mama yake Kitinda, ile aliyombebea mgongoni, aliishika muda mrefu, akaiweka kwenye mwanga ingawa ilikuwa na kahawia nyingi.

"Hii ni ya mwanga?"

"Hii aliiona akiwa amelala mgongoni mwa mtu. Ni ya mwanga."

Kisha akanisimulia kaptula ya bluu: jinsi Kitinda alivyoivaa kinyumenyume shuleni na kugoma kuigeuza. Tulicheka. Baada ya muda mfupi, labda robo saa, aliiokota kaptula ile ile akanisimulia tena, kwa maneno yale yale, akinyamaza palepale aliponyamaza mara ya kwanza ili nicheke. Nilicheka.

Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na bahasha ya karatasi, na ndani yake kitambaa chekundu. Hakikuwa nguo. Kilikuwa mabaki ya jora alilokatia gauni la Kitinda alipotimiza miaka saba. Gauni lenyewe lilipotea kwenye safari, lakini mabaki yalibaki, yamekunjwa, bado yana ule ugumu wa dukani na harufu ya wanga. Wekundu wake ulikuwa mzito, wa kuvuta jicho kutoka kila pembe ya chumba.

"Hiki ndicho kitakachouamsha," alisema. "Bila hiki mfarishi utalala usingizi."

"Si kitachuja?"

Alinitazama kama ninayemfundisha kutembea. "Kitambaa ambacho hakijaonja maji hakiingii kwenye mfarishi wangu. Vyote vinalowekwa. Hiki mara tatu, na chumvi, mpaka maji yatoke meupe."

Ukutani, juu ya cherehani, nikaona maandishi madogo ya chaki ya kushonea ambayo hayakuwapo zamani. Alikuwa ameorodhesha rangi zote, na ubavuni mwa kila rangi ameacha nafasi ya kutia alama. Alipoona nimeyaona, alijitia hamnazo. Mimi pia.

Jumapili ya wiki iliyofuata kaka alikuja kukagua. Viraka vilikuwa vimekatwa vyote, vimepangwa kitandani mraba kwa mraba, na hata yeye alisimama akiviangalia. Kingo zilikuwa zimenyooka kama za kiwandani. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake zuri.

"Na hivi vimeloweshwa vyote?" kaka aliuliza. Aliuliza kwa adabu tu, nadhani. Aliujua utaratibu kama sisi wote.

"Vyote."

"Hata hiki chekundu?"

Niliona kitu kikipita usoni mwa Shangazi. Kilikuwa kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mkono wake ulikwenda kwenye subana. Kisha akageuka, akanitazama mimi, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Chekundu tulikiloweka, siyo?"

Nyuma ya bega lake niliona ukuta. Bluu ilikuwa na alama. Kijani ilikuwa na alama. Kahawia, manjano, kijivu. Mbele ya neno nyekundu palikuwa patupu.

Kaka alikuwa ananisubiri. Nilifikiria ukuta wa tangi la maji. Nilifikiria kwamba viraka vyekundu bado viko huru pale kitandani, kumi na saba, ninaweza kuvichukua jioni ile na kuviloweka mwenyewe, na hakuna atakayejua.

"Tulikiloweka, Shangazi," nilisema. "Jumamosi. Mara tatu."

"Si unaona," alimwambia kaka, na bega lake likashuka.

Jioni ile kaka alitaka kunirudisha kwa gari lake na sikupata sababu ya kukataa. Nikajiambia nitakuja Jumatatu baada ya kazi. Jumatatu kulikuwa na kikao. Jumanne nilifika na mlango nikafunguliwa kwa bashasha. Cherehani ilikuwa imefanya kazi siku mbili mfululizo. Safu zote za katikati zilikuwa zimeshaunganishwa, na wekundu ulikuwa umetapakaa kwenye mfarishi mzima, kiraka hapa, kiraka pale, kila kimoja kimeshikana na cheupe au na cha mwanga pande nne.

"Mbona umesimama kama mgeni?" Shangazi aliniuliza. "Nenda jikoni ukachukue chai, mimi nakwenda kumpa fundi viatu mkasi wake niliomnolea."

Alipotoka nililamba kidole changu, nikakibonyeza juu ya kiraka chekundu, nikahesabu hadi kumi. Nilipokiinua, ncha ya kidole ilikuwa ya waridi.

Nilikipangusa kwenye sketi yangu. Kutoka dirishani nilisikia sauti ya fundi viatu.

"Mkasi, huu ni mkasi wa tatu unaniletea leo. Mimi nilikupa mmoja."

"Basi na hii miwili mingine ni zawadi. Mwanaume hana shukrani."

"Nina shukrani. Sina tu ngozi ya kutosha kwa mikasi yote hii."

Alicheka, naye akacheka, lakini alipovuka kurudi nilimwona fundi viatu amebaki ameishika ile mikasi miwili, akimfuata kwa macho.

Ningeweza kusema siku ile. Kufumua viraka kumi na saba ni kazi ya siku nne, na siku zilikuwapo. Lakini kusema kungekuwa kumwambia mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba amesahau, na kwamba nilidanganya. Nilikaa naye nikanywa chai. Wiki ikapita, nyingine ikafuata. Kila Jumamosi nilikuta kazi imesogea na mdomo wangu umezidi kuwa mzito. Blanketi liliingia katikati. Bitana ikaja chini. Alianza kupitisha mshono wa mkono kwenye mfarishi mzima, akifuata mistari aliyoichora kwa chaki ya bluu, na mshono wake ulikuwa mdogo, sawasawa, mzuri kuliko wa mfarishi wangu. Ndilo lililonichanganya. Vidole vyake havikusahau chochote.

Aliniuliza mara nyingine mbili. Mara moja tukiwa tunakunja bitana, bila kuniangalia: "Kile chekundu, una hakika?" Na mara nyingine nikiwa nimeshafika mlangoni, nimevaa viatu: "Mara tatu, ulisema?"

"Mara tatu, Shangazi."

"Vizuri. Mimi nina wewe."

Nilitembea hadi kituo bila kuona njia.

Wiki ya mwisho nilijaribu kulikwepa beseni. Nilimwambia chaki inaweza kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Nilimwambia jua ni hafifu, hautakauka. Nilimwambia Kitinda ana haraka.

"Mfarishi ambao haujafuliwa haujaisha," alisema. "Na wewe tangu lini umekuwa mvivu wa kusuuza?"

Kitinda alikuja Jumamosi asubuhi, na kaka akaja naye. Shangazi alikuwa amelitoa beseni uani, amelijaza maji ya baridi. Fundi viatu alikuwa ameacha kibaraza chake akaja kusimama kwenye kona ya ukuta, kwa sababu kila mfarishi unapofuliwa huwa anakuja kuona. Uliponing'inizwa kwanza kwenye kamba, mkavu, tulisimama tukiutazama. Kitinda alisogea akagusa nyota, akagusa kanga ya mama yake.

"Bibi, hii kaptula."

"Uliivaa kinyumenyume," alisema Shangazi. "Ukagoma kuigeuza."

Kaka aliukagua upande wa mbele, akaukagua wa nyuma. Alipitisha kidole gumba kwenye pindo lote, hatua kwa hatua, kama anayetembeza mnyororo wa kupimia. Kisha akamwendea Shangazi, akamshika mikono yote miwili.

"Nimeshindwa," alisema. "Hongera, Shangazi."

Nikafikiri, sasa. Sema sasa, nilijiambia, mbele yao, kabla ya maji.

Shangazi aliutoa kwenye kamba, akaukunja mara mbili, akaulaza juu ya maji, akaukandamiza kwa viganja. Ulizama pole pole kwa sababu ya blanketi. Kwa muda, maji yalitoa bluu ya chaki tu, nikaanza kuamini kwamba nilikosea. Halafu kando ya mkono wake wa kushoto ukatokea uzi mwembamba mwekundu. Ulijinyoosha, ukajikunja, ukapotea. Ukaja mwingine. Hakuondoa mikono. Maji yalipanda rangi mpaka kwenye vifundo vyake, na yeye akaendelea kuyatazama kwa utulivu, kama anayesoma barua.

"Utoe, Bibi," Kitinda alisema. "Utoe haraka."

Kaka aliuvuta yeye. Uliinuka mzito, ukichuruzika. Nyota zilikuwa za waridi. Kanga ilikuwa na madoa. Kila palipokuwa na mwanga palikuwa pameingiliwa.

Shangazi alibaki amechuchumaa. Hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Uliniambia tulikiloweka."

"Ndiyo."

"Uliniona nikikiloweka?"

"Hapana."

"Ukutani uliona?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Kaka alifungua mdomo, fundi viatu akamgusa mkono.

"Nilikuuliza mara tatu," alisema Shangazi. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililonikata. "Mimi nasahau. Najua kwamba nasahau, ndiyo maana nauliza. Nilikuwa naweza kukaa humu ndani nikisahau kila kitu, mradi kuna mtu wa kumuuliza."

"Shangazi, sikutaka uondoke."

"Najua ulichotaka." Alisimama, akapangusa mikono kwenye gauni lake zuri. Ilibaki ya waridi. Akamgeukia kaka. "Lete gari."

Kaka alisema si lazima. Alisema kosa ni letu, si lake, kwamba mshono hauna dosari, kwamba mkataba uvunjwe. Naapa alisema hivyo, yeye aliyekuwa anasubiri kosa. Shangazi alikuwa ameshaingia ndani. Tulimsikia akifunika cherehani kwa shuka.

Mfarishi Kitinda aliuchukua hivyo hivyo, akisema wenzake chuoni watadhani ni rangi iliyokusudiwa. Mkasi wa chuma alipewa fundi viatu, ambaye aliupokea bila mzaha wowote. Beseni lilibaki uani, na siku nilipokwenda kumkabidhi mpangaji ufunguo nililikuta limekauka, na kuzunguka ndani yake, mahali maji yalipofika, kuna mstari mwembamba mwekundu. Nilisugua kwa mchanga. Haukutoka.

Sasa anaishi katika kile chumba cha nyuma, kwa kaka. Nakwenda kila Jumamosi. Ananipokea vizuri, ananiambia nimekonda, ananisimulia kaptula ya bluu. Bado ana subana yake kidoleni; hakuna aliyethubutu kumvua. Jumamosi iliyopita tulikuwa tumekaa dirishani tukiutazama ukuta wa tangi, akaniuliza kama leo ni Jumamosi.

"Ndiyo, Shangazi. Ni Jumamosi."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama unavyomwitikia mtu usiyemfahamu sana. Akasubiri. Kaka alipopita mlangoni na kikombe chake, alimwita.

"Eti leo ni siku gani?"